Mume Wangu Anastaafu na Miaka 36

Hapana, hajashinda bahati nasibu! Ni mcheza baleti hapa London, na goti limekataa. Tuna mtoto mmoja, na kodi ya nyumba haijui habari za goti.

Nilimwambia, "Si ufundishe tu?" Alininunia siku mbili. Kwake, kufundisha kulikuwa kukubali kwamba amekwisha. Mimi nilidhani aliyecheza miaka 17 anaingia tu darasani na kuanza kazi. Wapi! Royal Academy of Dance ina diploma ya ualimu kwa wachezaji kama yeye, akajiandikisha. Anasoma jinsi mwili wa mtoto unavyokua, jinsi ya kupanga somo na, kazi ngumu kuliko zote, kusema kwa maneno kile ambacho miguu yake imekifanya miaka yote bila kuulizwa. Usiku ananifundisha jikoni, nimeshika ukingo wa sinki. "Umeelewa?" Mara nyingi sijaelewa. Anaanza upya.

Aliyemfungua macho ni Agrippina Vaganova wa Urusi. Mama huyo alipata cheo cha juu mwaka 1915, na mwaka uliofuata akaacha jukwaa akiwa na umri huohuo wa mume wangu. Jina kubwa alilipatia darasani. Kitabu chake cha 1934 walimu bado wanakisoma.

Jumamosi alifundisha darasa lake la kwanza, watoto wanane. Alirudi sauti imekauka.

"Kuna mmoja hawezi kabisa kufuata mdundo," akasema, huku akitafuta muziki wa polepole zaidi.