Roboti Inayotengenezeka Kongowea

Kasha la roboti lililoletwa na mfadhili lina siku yake ya furaha. Wanafunzi wanapiga picha, mwalimu mkuu anatoa hotuba, na kwa wiki kadhaa chumba cha sayansi hakikaliki kwa msongamano. Kisha gia moja inavunjika meno, au waya mwembamba unakatika. Kipuri chenyewe hakiuzwi Kenya, kasha linarudi kabatini, na somo la roboti linakufa.

Kongowea ina njia nyingine. Pembeni mwa soko hili kubwa la bara ya Mombasa, linalolisha na kuvisha sehemu kubwa ya Pwani, mafundi wa simu na redio wanafanya kazi kwenye vimeza vyao: chuma cha kulehemu, kipima umeme, na kopo la vipuri vilivyong'olewa kwenye vyombo vilivyokufa. Mwalimu anayepanga kozi ya kwanza ya roboti angefaa ajiulize swali moja kabla hajanunua chochote: kikiharibika, kitatengenezwa hapa? Kisichotengenezeka hapa hakifai kuwa msingi wa kozi.

Haja ya kozi yenyewe haina ubishi. Mtaala wa umilisi ulianza kuingia shuleni Kenya mwaka 2017, na Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya saba waliingia sekondari ya chini, ambako stadi za awali za kiufundi ni somo kamili. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu ya kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari. Mombasa nayo haikungoja Nairobi. Tech Kidz Africa, iliyoanzishwa na Paul Akwabi, imekuwa ikifundisha watoto wa mji huu programu na roboti, na SwahiliPot Hub, jirani na Fort Jesus, imewapa vijana wa teknolojia na sanaa mahali pa kukutania. Mji huu una mazoea ya zamani na elimu ya mikono: chuo cha MIOME, kilichoanza kufundisha ufundi mwaka 1951, ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor.

Hatari ya kujifunga kwa kasha la kampuni moja si ya kubuni. LEGO ilitoa seti yake ya Mindstorms mwaka 1998, na kwa zaidi ya miaka ishirini shule nyingi duniani zilijenga kozi nzima juu yake. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kuacha kuitengeneza. Shule tajiri zilihamia seti nyingine. Shule ya Kisauni au Likoni iliyochangiwa seti mbili na wazazi haina pa kuhamia.

Jibu la Afrika lilikuwa limetolewa miaka kumi kabla. Mwaka 2012 mtandao wa roboti wa Afrika, AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, pamoja na Ken Goldberg wa California, ulitangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia kwa takriban dola 10. Miongoni mwa washindi alikuwa Tom Tilley, aliyekuwa akiishi Thailand. Alichukua rimoti ya mchezo wa video, ile ya kushikwa kwa mikono miwili. Vimota vinavyoifanya itetemeke mkononi akavigeuza kuwa vya kuendeshea magurudumu. Kwenye vile vijiti viwili vya kidole gumba akachomeka peremende za kijiti: roboti ikigonga kitu, peremende huyumba, kijiti husogea, na kompyuta iliyounganishwa na rimoti hujua kwamba kuna kizuizi. Gharama yote ilikuwa dola 8 na senti 96, peremende zikihesabiwa. Tilley aliona kwamba rimoti ile tayari ina karibu kila kitu roboti inachohitaji, na hiyo ndiyo akili ambayo kozi ya kwanza inapaswa kuijenga kwa mtoto.

Kwani roboti ni nini hasa? Watoto wengi hudhani lazima iwe na kichwa na miguu, na picha za roboti za trafiki za Kinshasa na Lubumbashi huwathibitishia hivyo. Majitu yale ya alumini, yaliyobuniwa na wahandisi wa Kikongo wakiongozwa na Thérèse Izay Kirongozi na kuanza kazi Kinshasa mwaka 2013, yana kifua kinachozunguka, taa nyekundu na kijani, kamera, na paneli za jua. Ni mfano mzuri wa kuanzia darasani, na Lubumbashi ni mji wa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Lakini umbo la mtu si lazima. Roboti ni mashine inayohisi hali ya mazingira yake, inaamua kufuatana na maagizo iliyopewa, halafu inatenda. Kuhisi, kuamua, kutenda: kozi nzima inaweza kukaa juu ya vitenzi hivyo vitatu, na kila kipindi kikarudi kwao.

Kipindi cha kwanza hakihitaji hata betri. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa watoto na kompyuta huko MIT, alishiriki kutunga lugha ya Logo mwaka 1967. Mtoto aliagiza "kobe" asogee mbele au ageuke, na Papert alisisitiza kwamba mtoto aliyekwama asimame, awe kobe yeye mwenyewe, na atembee hatua zile. Darasani Kongowea hilo linafanyika kwa kitambaa cha kufunga macho. Mwanafunzi mmoja ni roboti. Wenzake wanamwelekeza kwa sauti kutoka mlangoni hadi ubaoni kati ya madawati. Baada ya kugonga dawati la tatu, darasa zima limeelewa kwamba "nenda kidogo" si agizo. Ni lazima useme hatua ngapi.

Wiki ya pili, kabla ya nadharia ndefu, lazima kitu kitembee. Hapa ndipo kozi nyingi zinapowapoteza watoto: mwezi mzima wa majina ya vipuri, na hakuna gurudumu lililozunguka. Kifaa cha kuanzia kinajulikana. Ubao mdogo wa Arduino, uliozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, una mchoro ulio wazi kwa kila mtu, ndiyo maana nakala za bei nafuu zimejaa madukani. Ubao mwingine ni micro:bit ya BBC, iliyogawiwa wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, wa umri unaokaribiana na wa gredi yetu ya saba. Mota mbili zinaweza kutoka kwenye magari ya kuchezea yaliyoharibika.

Kazi ya kwanza ya maana ni kigari kinachofuata mstari mweusi wa tepu ya fundi umeme, uliobandikwa juu ya karatasi ya manila. Chini ya kigari kuna taa mbili za miale isiyoonekana kwa macho, kila moja na kipokezi chake. Karatasi nyeupe huirudisha miale, tepu nyeusi huimeza. Kipokezi cha kushoto kikiona giza, gurudumu la kushoto linapunguza mwendo, na kigari kinajirekebisha. Jioni kinafanya kazi vizuri. Saa sita mchana, karibu na dirisha, kinachanganyikiwa kabisa, kwa kuwa jua la Pwani limejaa miale ileile. Mwalimu asilifunge dirisha upesi. Awaache wapime nambari za kipokezi kivulini na juani, wachague mpaka mpya kati ya nyeupe na nyeusi, au wavalishe kipokezi sketi ya kadibodi. Somo hilo limo ndani ya jua la Mombasa, na hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachomletea mwalimu.

Kosa jingine la kutarajiwa ni mwanafunzi kuunganisha mota moja kwa moja kwenye pini ya ubao. Pini ya Arduino Uno inafaa kutoa umeme wa miliampia 20 hivi; mota ndogo inaweza kutaka mara kumi ya huo au zaidi inapoanza kuzunguka. Ubao unazimika au unaungua. Hapo ndipo mwalimu anapoeleza transista, kwamba mkondo mdogo unafungua njia ya mkondo mkubwa. Betri ziwe za kawaida za kuchajiwa. Zile za lithiamu zinazotolewa kwenye kompyuta za mkononi zina nguvu, lakini zikigusana vibaya huwaka moto, na hazifai kwa wanaoanza. Hewa ya chumvi nayo hula viungo vya waya. Mwanafunzi wa Pwani ajue kulehemu na kusafisha viungo mapema.

Makundi yawe ya watatu: mmoja anaunda, mmoja anaandika programu, mmoja anapima na kuandika daftari, na kazi zibadilishwe kila wiki bila mjadala. Zisipobadilishwa, mara nyingi wavulana hushika bisibisi na wasichana huachiwa kalamu, na kozi inawafundisha wote jambo baya. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi kufungua kasha na kulifunga; viwili vifuatane, au kazi iwe ya klabu baada ya masomo.

Kazi ya mwisho itoke mtaani. Kihisi cha mwangwi hutoa sauti isiyosikika na kupima muda wa kurudi kwake. Kwa kila sentimita ya umbali, safari ya kwenda na kurudi huchukua kama sehemu 58 za milioni za sekunde. Kihisi hicho kikifungwa juu ya tangi la maji, kinaweza kulia kabla maji hayajamwagika. Kikifungwa mbele ya mkokoteni, ambao mwenye kuusukuma haoni mbele ya magunia ya viazi, kinaweza kumwonya kabla hajamgonga mama aliyeinama kuchagua nyanya. Wanafunzi waende sokoni kwanza na kipimio na daftari, wawaulize wasukuma mikokoteni wanasimama umbali gani, mkokoteni wenye mzigo unachukua hatua ngapi kutulia, na kelele za soko zinaruhusu kengele ya namna gani. Nusu ya alama zitoke kwenye daftari hilo. Nusu nyingine itoke kwenye mtihani wa vitendo ambao mwalimu anaharibu kitu kimoja kwa siri, waya, betri au mstari mmoja wa programu, kisha analipatia kundi nusu saa kukitafuta na kukitengeneza.