Uingereza Ilivyojinyima Wahudumu wa Hoteli

Mwaka 2021, hoteli na mikahawa ya Uingereza ilipofunguliwa baada ya korona, wateja walirudi, wafanyakazi hawakurudi. Katika vijiji vya watalii vya Lake District na milima ya Scotland, mgeni aliweza kufika mlangoni pa mgahawa akakuta tangazo kwamba Jumatatu na Jumanne hawafungui. Vyumba vilikuwepo na shuka zilikuwepo. Wa kuzitandika ndiye hakuwepo. Kufikia katikati ya 2022, nafasi za kazi zilizokosa watu katika sekta hiyo zilipita 170,000.

Wengi waliitupia lawama korona. Ilichangia, maana maelfu walirudi kwao Poland, Romania na Uhispania wakati biashara zimefungwa. Lakini ugonjwa ulipopungua, kwa nini hawakurejea? Jibu liko kwenye sheria. Saa 5 usiku, tarehe 31 Desemba 2020, kufuatia Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, haki ya raia wa Umoja wa Ulaya kuingia Uingereza na kufanya kazi bila viza ilikoma.

Kabla ya usiku huo, kijana wa Kraków, Poland, aliweza kupanda ndege ya bei nafuu Ijumaa na Jumatatu akawa anabeba sahani London. Hakuhitaji barua ya mwajiri. Kazi ikimshinda aliondoka, na mwingine akaingia mahali pake. Hoteli ziliishi kwa mzunguko huo. Utafiti wa kampuni ya KPMG wa 2017, uliofanywa kwa ajili ya chama cha wenye hoteli, ulikadiria kwamba wahudumu wa mezani 75 katika kila 100 walikuwa raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, na wasafisha vyumba 37 katika kila 100. Mwaka huohuo, ofisa wa mikahawa ya Pret a Manger aliiambia kamati ya Bunge kwamba katika kila waombaji kazi 50, Mwingereza alikuwa mmoja tu.

Mfumo uliofuata, ulioanza Januari 2021, unampima mtu kwa pointi: ujuzi, lugha na mshahara. Mhudumu, muosha vyombo na msafisha vyumba wamehesabiwa kuwa hawana ujuzi wa kutosha, kwa hiyo hata mwajiri akiwa tayari kuwalipa mara mbili, viza ya kazi hawapati. Mpishi aliachiwa upenyo, kwa sharti la mshahara usiopungua pauni 25,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 38,700, ambacho wapishi wengi hawakifikii. Julai 2025 mpishi naye akaondolewa: kazi ambayo haijahesabiwa kuwa ya kiwango cha shahada, isipokuwa chache zilizotengwa, haina tena njia ya kumleta mtu mpya kutoka nje.

Hata upenyo ulipokuwepo, gharama yake ilikuwa kubwa. Chukua mgahawa mdogo uliotaka mpishi mmoja kwa miaka 3 katikati ya 2024. Leseni ya kumdhamini ilikuwa pauni 536. Tozo ya mwajiri kwa miaka hiyo ilikuwa pauni 1,092. Tozo ya matibabu, pauni 1,035 kila mwaka, ilifika 3,105. Jumla ilikuwa pauni 4,733, na hapo ada ya viza na nauli bado. Hoteli kubwa yenye idara ya sheria inavumilia. Familia yenye meza 12 inafunga siku mbili kwa wiki.

Walioumizwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wenye migahawa ya mchuzi wa viungo, wengi wao wenye asili ya Sylhet, Bangladesh. Katika kampeni ya kura ya maoni ya 2016, Priti Patel, wakati huo waziri wa ajira, aliwaambia kwamba Uingereza ikitoka Umoja wa Ulaya, wapishi wa Asia Kusini watapata nafasi sawa na Wazungu. Baadhi yao waliamini wakapiga kura ya kutoka. Miaka minne baadaye Patel, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ndiye aliyetangaza mfumo wa pointi. Usawa ulipatikana, kwa maana kwamba Mwitalia naye alibanwa. Ahadi ile haikutimizwa kama walivyoielewa, na wenye migahawa wana haki ya kulalamika.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba wahamiaji hawakupungua. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia waliwazidi waliotoka kwa zaidi ya watu 900,000. Walikuwa wanafunzi, wahudumu wa wazee na wagonjwa, Waukraine waliokimbia vita, watu wa Hong Kong. Serikali ilifungua milango hiyo na kuubana wa jikoni. Mpiga kura alipoiona takwimu ile alikasirika, na vyama vikaanza kushindana nani atakaza zaidi, pasipo kutenganisha mlango na mlango.

Boris Johnson, wakati huo Waziri Mkuu, akihutubia mkutano wa chama chake cha Conservative huko Manchester Oktoba 2021, alisema dawa ya uhaba wa wafanyakazi ni mishahara mizuri, si kurudi kwenye wageni wa kulipwa kidogo. Hoja hiyo naiheshimu, na mishahara kweli ilipanda. Ila mtu asiye na kazi katika mji wa Middlesbrough atahamiaje kijiji cha watalii ambako nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha wageni wa likizo? Atalala wapi?

Chama cha Labour, kilichoshinda uchaguzi Julai 2024, hakikubadili mwelekeo. Tarehe 1 Mei 2025, Reform UK, chama cha Nigel Farage kinachotaka wahamiaji wapunguzwe, kilinyakua viti 677 katika uchaguzi wa mabaraza. Siku 11 baadaye Waziri Mkuu Keir Starmer alitoa waraka wa kupunguza wahamiaji, uliotangaza kumtoa mpishi kwenye orodha ya kazi za viza. Wiki moja baada ya hapo alikaa na viongozi wa Umoja wa Ulaya, wakakubaliana kuandaa mpango wa vijana kwenda kuishi na kufanya kazi kwa muda pande zote mbili. Huo ndio mlango pekee wenye matumaini kwa hoteli, nao ni wa vijana wa Ulaya.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, ukisikia kwamba hoteli za Uingereza zilikuwa na uhaba wa watu baada ya korona, ni kweli. Wakala akikuambia kwamba kwa sababu hiyo atakupatia viza ya kuwa mhudumu au msafisha vyumba huko, usimpe hata shilingi: viza hiyo haipo. Akikutajia kazi nyingine, orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na kuisoma ni bure.