KUCHAGUA DIGRII YA AFYA: USIANGALIE JINA, ANGALIA KAZI

Na mhamasishaji wa afya wa jamii



Kila mwaka matokeo ya S6 yakitoka, sisi wahamasishaji wa afya tunaulizwa swali moja njiani, kwenye bomba la maji na hata kwenye foleni ya zahanati: "Nikipata nafasi ya chuo, nisomee nini?" Wengi huongeza: "Mimi nataka mambo ya afya."

Ni nia njema, lakini "afya" si kazi moja. Zipo digrii mbili zenye neno afya kwenye jina, na moja inakupeleka kitandani kwa mgonjwa, nyingine inakupeleka mezani kwenye ripoti. Zote zina faida. Tatizo ni mtu kuingia kwenye moja akidhani ni ile nyingine, kisha akashtuka mwaka wa tatu. Kwa mkimbizi kosa hilo ni ghali, kwa sababu ufadhili wa masomo ni nadra kuupata mara mbili. Mwaka 2019 UNHCR ilieleza kwamba ni 3% tu ya wakimbizi duniani waliokuwa wakisoma elimu ya juu. Lengo lililowekwa ni kufika 15% ifikapo mwaka 2030. Nafasi ni chache, basi tuzitumie kwa akili.

FUATA MGONJWA MMOJA HADI KIYOVU

Tuchukue mfano. Mama mjamzito kambini anaumwa kichwa sana, macho yanaona giza na miguu imevimba. Hebu tuhesabu ni watu wangapi watamshughulikia.

Wa kwanza ni mhamasishaji aliyemfundisha dalili za hatari na kumsindikiza zahanati. Pale anapokelewa na muuguzi, anayempima shinikizo la damu. Mkunga anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Hali ikiwa mbaya anapelekwa hospitali ya wilaya, na ikizidi anapewa rufaa ya Kigali. Kwa miaka mingi rufaa hiyo imekuwa na maana ya CHUK, hospitali kubwa iliyo Nyarugenge, upande wa mtaa wa Kiyovu. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1918, na kabla ya kuwa hospitali ilikuwa kituo cha afya. (Serikali imepanga kuihamishia Masaka, wilayani Kicukiro. Ukipewa rufaa, uliza kwanza unatakiwa kwenda wapi.)

Huko anakutana na wengine. Mtaalamu wa maabara anapima damu na mkojo. Mtaalamu wa picha za mwili anampiga picha ya tumbo. Daktari anaamua apasuliwe. Mtaalamu wa dawa za usingizi anamlaza na kumwangalia mpaka azinduke. Mfamasia anahakikisha dawa ni sahihi na kipimo ni sahihi. Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, mtaalamu wa tiba ya viungo anaanza kazi. Mama akishindwa kulala kwa hofu, anazungumza na mtaalamu wa saikolojia au muuguzi wa afya ya akili. Na mtu wa ustawi wa jamii anauliza: watoto waliobaki kambini wanakula kwa nani?

Kuna na wale ambao mama huyu hatawaona kabisa. Mmoja aliagiza dawa mapema zisiishe ghalani. Mwingine alihesabu akina mama wangapi walipata shida kama hiyo mwaka huu, akashauri nini kibadilishwe. Mwingine anahakikisha maji ya kambi ni salama na vyoo havijajaa.

Hizo ni kazi zaidi ya kumi na mbili, na kila moja ina masomo yake. Kwa hiyo swali "nisomee nini?" ligeuze hivi: kati ya watu hawa, nataka kuwa yupi?

DIGRII ZA AFYA NI MAFUNGU MAWILI

Fungu la kwanza ni masomo yanayohitaji leseni. Humo wamo daktari, muuguzi, mkunga, mfamasia, mtaalamu wa maabara, wa picha za mwili, wa dawa za usingizi, wa meno, wa tiba ya viungo na wengineo. Kumaliza chuo peke yake hakutoshi. Lazima usajiliwe na baraza la taaluma yako. Nchini Rwanda wauguzi na wakunga wana baraza lao, madaktari lao, wafamasia lao, na taaluma nyingine za hospitali nazo zina lao. Wauguzi na wakunga hufanya pia mtihani wa leseni. Masomo haya hayawezi kusomwa yote kwa kompyuta, kwa sababu huwezi kujifunza kuzalisha au kutoa damu bila kusimama wodini ukisimamiwa na mwalimu.

Ukizungumza na wauguzi wenye umri mkubwa Kigali utasikia wakitaja KHI, yaani Taasisi ya Afya ya Kigali. Ilianzishwa mwaka 1996 huko huko Nyarugenge, baada ya nchi kupoteza wataalamu wengi sana katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ilifundisha uuguzi, ukunga, maabara, picha za mwili, dawa za usingizi, tiba ya viungo na afya ya mazingira. Mwaka 2013 iliunganishwa na vyuo vingine vya serikali kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Kwa hiyo leo huombi KHI. Unaomba Koleji ya Tiba na Sayansi za Afya ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Nje ya Kigali kipo pia Chuo Kikuu cha Afya ya Dunia (UGHE), kilichoanzishwa na shirika la Partners In Health mwaka 2015. Kampasi yake ya Butaro ilifunguliwa mwaka 2019. Hapo udaktari unachukua miaka sita na nusu.

Fungu la pili ni masomo ya kupanga, kusimamia na kusaidia jamii: afya ya jamii, uongozi wa huduma za afya, ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii. Anayesoma haya anaweza kuwa msimamizi wa mradi, mtunza takwimu za afya, ofisa wa ulinzi wa watoto au mratibu wa wahamasishaji. Mashirika yanayohudumia kambi huajiri watu wa aina hii. Lakini digrii hizi hazikupi ruhusa ya kutibu. Hutachoma sindano wala kuandika dawa.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Mwaka 2015 Kepler ilifungua kituo ndani ya kambi ya Kiziba, vijana wakasoma kwa intaneti digrii za chuo cha Marekani kiitwacho Southern New Hampshire University. Chuo hicho kina digrii ya uongozi wa huduma za afya. Ni digrii halali na yenye manufaa kwa kijana ambaye hawezi kuacha kambi. Lakini aliyeisoma ni kiongozi wa huduma, si muuguzi. Ukilijua hilo mapema, utasoma kwa furaha. Ukilijua mwishoni, utalia.

A2, A1 NA A0 NI NGAZI

Ndugu zetu kutoka Kongo mnazijua herufi hizi, na Rwanda nayo inazitumia. A2 ni uuguzi wa ngazi ya sekondari. A1 ni diploma ya miaka mitatu baada ya sekondari. A0 ni digrii.

Ngazi inaweza kubadilishwa ukiwa juu yake. Katika miaka ya 2000 Rwanda ilisimamisha mafunzo ya A2, na wauguzi wengi wa A2 wakarudi kusoma ili wapande A1, baadhi kwa masomo ya mbali huku wakiendelea na kazi. Mwaka 2021 uuguzi wa ngazi ya sekondari ulirudishwa katika shule chache zilizochaguliwa. Mafunzo ni mawili hapa. La kwanza, usidharau A1: unaanza kazi mapema na unaweza kupanda baadaye. La pili, kabla ya kujiunga uliza: "Kutoka hapa naweza kupanda kwenda wapi?"

MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

1. Naweza kuvumilia nini? Muuguzi na mkunga hukesha usiku, huona damu na mara nyingine huona kifo. Mtu wa maabara hukaa na darubini kuliko na watu. Mtu wa ustawi wa jamii husikiliza machungu ya watu siku nzima. Mtu wa afya ya jamii huandika ripoti nyingi. Hakuna kazi ya aibu hapo, ila kuna isiyokufaa wewe.

2. Nilisoma nini sekondari? Fungu la kwanza hudai baiolojia na kemia. Ndiyo maana waliosoma PCB, BCG au MCB huwa na njia pana. Hata majina ya michepuo yakibadilishwa, masomo hayo mawili ndiyo ufunguo. Wewe uliye S3, uamuzi wako wa chuo unauanza sasa. Aliyesoma historia au lugha asikate tamaa, maana fungu la pili lina nafasi yake. Na wote tujitahidi Kiingereza, kwa sababu ndicho kinachofundishia vyuoni Rwanda tangu serikali ilipoamua hivyo mwaka 2008.

3. Nani atalipa, na kwa muda gani? Ufadhili wa DAFI ulianza mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani, na umesomesha wakimbizi zaidi ya 20,000 duniani. Unasaidia ada, vifaa, chakula, malazi na usafiri. Tangazo linapotoka, soma masharti yote: umri, muda wa kozi na tarehe ya mwisho. Kozi ndefu kama udaktari inahitaji uhakika wa fedha mpaka mwisho. Ni afadhali diploma iliyokamilika kuliko udaktari ulioachwa katikati.

4. Karatasi yangu itanifuata? Sisi hatujui kesho tutakuwa wapi: kurudi nyumbani, kubaki au kuhamishiwa nchi ya tatu. Taaluma zenye leseni zinajulikana kila nchi, lakini kila nchi ina mlango wake. Marekani na Kanada, kwa mfano, muuguzi kutoka nje hukaguliwa vyeti, kisha hufanya mtihani uitwao NCLEX-RN kabla ya kufanya kazi. Ukirudi Kongo au Burundi, utafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo usikiache. Digrii za fungu la pili mara nyingi hazidai mtihani wa leseni, lakini mwajiri atataka uzoefu na lugha.

5. Chuo kimetambuliwa? Rwanda, kazi ya kuvipa vyuo kibali ni ya Baraza la Elimu ya Juu (HEC). Kwa fungu la kwanza uliza mara mbili: HEC inakitambua chuo? Na baraza la taaluma linawasajili wanaomaliza kozi hiyo? Uliza pia mkimbizi anasajiliwa kwa masharti gani. Uliza kabla ya kulipa hata faranga moja.

TAYARISHA KARATASI MAPEMA

Kijana anaweza kufaulu vizuri akakosa nafasi kwa sababu ya karatasi tu. Fanya haya sasa:

- Kama ulimaliza sekondari Kongo au Burundi, tafuta cheti cha ulinganifu, yaani ekwivalensi. Vyeti vya sekondari hushughulikiwa na NESA, vya chuo na HEC.
- Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti vinafanana na kitambulisho chako cha ukimbizi. Kama vimepishana hata herufi moja, anza kusahihisha leo.
- Weka nakala za kila kitu mahali pawili, na picha kwenye simu. Nyumba zetu huvuja na huungua.
- Kama umejitolea kwenye afya, omba barua inayoeleza kazi uliyofanya na muda wake. Barua hiyo si leseni, ila inaonyesha moyo wako.

KWA WAZAZI

Baba na mama, tunajua mnatamani kumwita mtoto "dokta". Lakini mtoto anayezimia akiona damu msimsukume wodini. Na mtoto wa kike aliyefaulu baiolojia asiambiwe kwamba masomo marefu yatamchelewesha kuolewa. Siku mama wa mfano wetu alipozidiwa, hakuna aliyeuliza kama mkunga ameolewa. Watu waliuliza kama yupo.

Tena kazi ipo. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda ilianza mpango wa kuongeza wafanyakazi wa afya mara nne katika miaka minne, kwa sababu waliopo hawatoshi. Hali hiyo haiko Rwanda peke yake. Hata huko tulikotoka, vituo vingi vina muuguzi mmoja na mistari mirefu.

ANZA HIVI

Wiki hii chagua kazi mbili kati ya zile tulizozihesabu. Mtafute anayeifanya kila moja, zahanati au ofisini, wakati foleni imepungua. Muulize mambo matatu: siku yako mbaya huwaje? Ulisoma nini na kwa miaka mingapi? Ungeanza upya, ungechagua hiyo hiyo? Andika majibu yake, kisha uyapeleke kwa ofisi ya elimu ya kambi uulize ni ufadhili gani unaokubali kozi hiyo. Sisi wahamasishaji tuko tayari kukuonyesha nani wa kumuuliza. Tupate kwenye zahanati au tunapopita nyumba kwa nyumba.