Kura ya Garsen inapangwa mapema: jina lako liko kituo gani?

Kabla hujapitisha kidole uende kwa video ingine, nijibu swali moja tu. Jina lako la kura liko kituo gani?

Sijakuuliza utampigia nani. Hiyo ni siri yako na sanduku. Nataka kujua kituo. Shule gani, wadi gani, eneobunge gani. Kama umejibu bila kufikiria, hongera, wewe ni mtu mzima. Kama umekwama, usione haya. Hata mimi niliwahi kukwama, na nilikwama siku yenyewe ya kura.

Nilijiandikisha Mombasa nikiwa chuoni, nikidhani nitamaliza kozi na kupata kibarua mjini. Karo ikanishinda. Nikarudi nyumbani Garsen na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Agosti 9, 2022 watu wa kwetu waliamka alfajiri kwenda kupanga foleni. Mimi nikabaki chini ya mwembe. Jina langu lilikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, na nauli ya kulifuata sikuwa nayo. Jioni binamu yangu akaja na kidole chenye wino, akaniangalia, akasema: "Kelele zote zile za mtandaoni kaka, kumbe huna kura?"

Nikanyamaza. Ungejibu nini?

Kwa muda mrefu nilidhani siku ile nilikosa nauli tu. Nilipoanza kufuatilia jinsi uchaguzi unavyotayarishwa huku kwetu, nikaona shida ilianza mapema zaidi. Ofisi ya uchaguzi hupanga kila kitu kwa hesabu ya majina. Kama jina lako halipo, hakuna karatasi iliyochapwa kwa ajili yako. Hawajakunyima chochote. Wamepanga tu bila wewe.

Sasa kaa hapo nikuonyeshe kazi yenyewe ilivyo kwa ground.

Tarehe haibadiliki

Katiba yetu inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hivyo ujao ni Agosti 10, 2027. Tarehe hiyo haingojei mvua iishe wala barabara itengenezwe.

Tume ya IEBC yenyewe ilianza kwa kuchelewa. Kuanzia Januari 2023, aliyekuwa mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake wawili walipomaliza muda wao, nchi ilikaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna. Mwenyekiti Erastus Ethekon na timu yake waliapishwa Julai 2025. Usajili wa wapiga kura ukarejea Septemba 29, 2025 katika ofisi za maeneobunge, na tume ikasema inalenga wapiga kura wapya milioni 6.3.

Milioni 6.3 ni sisi hao. Ni wale waliofikisha miaka 18 baada ya 2022 na wale waliokuwa wakisema "kura haisaidii". Mwaka wa 2022, vijana wa kati ya miaka 18 na 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya sajili yote ya watu milioni 22.1, na idadi yao ilikuwa imeshuka ukilinganisha na 2017. Tulikuwa wengi barabarani Juni 2024. Kwa sajili je?

Hesabu ya 700

Kaunti ya Tana River ina maeneobunge matatu: Garsen, Galole na Bura. Garsen peke yake ina wadi sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen ya Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Kaunti nzima ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 140,000 mwaka wa 2022. Nairobi ilikuwa na zaidi ya milioni 2.4. Lakini Nairobi unaweza kuivuka kwa matatu moja foleni ikikubali. Tana River ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 35,000, na sehemu kubwa haina hata lami.

Hesabu inaenda hivi. Kituo kimoja cha kupigia kura hakifai kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Wakizidi hapo, shule hiyo inagawanywa kuwa na vituo viwili au zaidi, darasa hili na lile. Kila kituo kinahitaji msimamizi, naibu wake, makarani, polisi, kifaa cha Kiems cha kutambua wapiga kura, na masanduku sita. Kwa nini sita? Kwa sababu unapiga kura sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi.

Ukiongeza jina moja kwenye sajili, umeongeza karatasi sita. Ukileta wenzako mia kadhaa, huenda mmeongeza darasa, na darasa hilo linakuja na makarani, taa na gari lake. Hivyo ndivyo idadi ya sajili inavyogeuka kuwa mafuta, boti na posho. Na ndiyo maana msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge hawezi kungoja Julai 2027 ndipo aanze kuuliza tuko wangapi.

Mto hausomi kalenda

Wewe wa Nairobi au Mombasa unajua Garsen kama mahali basi la Lamu linapopita. Unafika Minjila, barabara ya Hola na Garissa inaenda upande mmoja, ya Garsen na Lamu upande mwingine, unanunua maji baridi, safari inaendelea. Lakini kura hazipigwi kando ya lami pekee.

Chukua Ozi. Ni kijiji cha wakulima karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini. Kwenda huko unatafuta boti, mara nyingi kutoka Kipini. Sasa fikiria masanduku sita, karatasi, mihuri, taa, kifaa cha Kiems na polisi, wote ndani ya boti. Karatasi zikilowa, hakuna duka la kununua zingine. Za 2022 zilichapwa Ugiriki.

Mvua nayo ina mambo yake. Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilivunja kingo. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika upande wa Gamba, magari yakakwama, familia zikahamia kambini. Madarasa ambayo huwa vituo vya kura yanaweza kuwa ndani ya maji au kujaa watu waliokimbia maji. Agosti si mwezi wa mafuriko, sawa, lakini usajili na mafunzo hufanyika miezi mingine yote, na matope ya masika hayachagui.

Kiangazi nacho kina hesabu yake. Malisho yakipungua huko juu, wafugaji huingiza ng'ombe deltani. Mtu aliyejiandikisha karibu na kisima kimoja anaweza kuwa mbali sana ikifika siku ya kura. Kwa hivyo ofisi hapa inapanga kura za watu wanaotembea na mto unaohama kingo. Ukipita pale ukaona karani anapiga simu akiuliza barabara ya kwenda Chara iko vipi, usidhani anapiga stori. Hiyo ndiyo kazi.

Kuna mtandao pia. Kwa uchaguzi wa 2022 tume ilitaja vituo zaidi ya 1,000 nchini ambavyo havikuwa na mtandao wa 3G, vikahitaji vifaa vya setilaiti kutuma matokeo. Na vidole: mtu aliyelima mpunga miaka 40 alama zake zinaweza kufutika. Kifaa kikikataa kumtambua, kuna njia ya kumtafuta kwa nambari ya kitambulisho. Karani asiyefunzwa vizuri anaweza kumwambia mama wa watu arudi nyumbani. Karani aliyefunzwa anajua la kufanya.

Kosa dogo, bili kubwa

Bado unadhani maandalizi ni mambo ya makaratasi ya kuchosha? Uliza watu wa Mombasa. Mwaka wa 2022 hawakumchagua gavana pamoja na sisi wengine. Karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikuwa na makosa ya picha na majina ya wagombeaji, uchaguzi huo ukaahirishwa hadi Agosti 29. Watu walifunga biashara mara mbili. Waliotoka mbali hawakurudi wote.

Ama kumbuka 2017. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na sehemu kubwa ya kesi ilikuwa kuhusu jinsi matokeo yalivyotumwa kutoka vituoni. Nchi ikarudia kura kwa sababu ya fomu. Ndiyo, fomu.

Basi ijue fomu moja tu: 34A. Kura za rais zinahesabiwa hapohapo kituoni mbele ya maajenti, zinaandikwa kwenye 34A, nakala inabandikwa mlangoni, na picha yake inatumwa kwa Kiems. Mwaka wa 2022 kila mtu mwenye bando aliweza kuzifungua mtandaoni, kituo kwa kituo. Piga picha ile ya mlangoni. Ilinganishe na ya mtandaoni. Hiyo ni kazi ya dakika tano na inashinda uzi mrefu wa hasira.

Tusijifanye tumesahau

Hii sehemu naandika polepole.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, delta yetu iliwaka. Wapokomo na Waorma waliuana kwa sababu ya ardhi, maji na malisho, na siasa za uchaguzi uliokuwa unakuja zikamwagia petroli. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo watoto. Sasa angalia kalenda: usajili wa wapiga kura wa wakati huo ulianza Novemba 19 ukafungwa Desemba 18, 2012. Siku tatu baadaye Kipao ikashambuliwa. Kura zikapigwa Machi 4, 2013. Kuna watu walijiandikisha wakiwa hawajui watalala wapi wiki inayofuata.

Ndiyo maana huku swali la kituo kiwekwe wapi si la ramani tu. Kituo kikiwekwa mahali ambapo upande mmoja unaogopa kupita, umewanyima kura bila kufuta jina hata moja. Ofisi inalazimika kukaa na wazee wa pande zote, machifu, polisi na vyama, mapema, kabla mtu hajasimama jukwaani kutukana jirani.

Na hapa ndipo wewe wa mjini unaingia. Uvumi mwingi haupiki Garsen. Unapikwa kwenye grupu la WhatsApp na mtu aliye Eastleigh au Kongowea, halafu unashuka huku na moto wake. Ukipokea ujumbe kwamba "wale wanaletwa kwa malori kujiandikisha kwetu," kabla ya kuusukuma mbele jua kwamba sheria inaruhusu sajili ikaguliwe na jina lipingwe. Kuna njia ya kulalamika isiyohitaji panga.

Sasa wewe unafanya nini?

Kama hujajiandikisha, unahitaji umri wa miaka 18 na kitambulisho chenyewe au pasipoti. Si picha ya kitambulisho kwenye simu. Unaenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lako, wanachukua alama za vidole na picha, basi. Hulipi kitu.

Kama uko kama nilivyokuwa, jina huku na mwili kule, unahamisha. Nenda ofisi ya eneobunge unakotaka kupigia kura, hiyohiyo na kitambulisho. Lakini usingoje presha ya mwisho. Sheria inataka uhamishe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, maana yake karibu katikati ya Mei 2027 mlango huo umefungwa. Usajili nao unasimama siku 60 kabla. Wenye kusema "nitaenda Julai" watakuwa wanaenda kuangalia geti.

Kama unatafuta kazi, uchaguzi huajiri watu wengi kwa muda: makarani, wasimamizi wa vituo, waelimishaji wa wapiga kura. Matangazo hutoka wazi na huhitaji digrii kwa kila nafasi. Cheti cha kidato cha nne kimewahi kumtosha karani. Sisi tulioacha chuo tunaisoma hiyo sentensi mara mbili.

Mimi nimehamisha. Niliingia ofisini na kitambulisho changu kilichokwaruzika, nikaweka vidole, nikapigwa picha mbaya kama kawaida, nikatoka na karatasi ndogo ya kuthibitisha. Kwenye foleni tulikuwa wawili tu, mimi na mama mmoja mwenye leso aliyetoka mbali kuliko mimi. Nilimpisha, akaniambia, "Ahsante mwanangu, na wenzako wako wapi?"

Sikuwa na jibu tena. Ndiyo maana nimekuandikia. Wako wapi wenzangu? Na wewe, ile ya mwanzo bado hujajibu: kituo gani?