Mguu Umepumzika, Macho Je?

Kutoka Maskati hadi Salala ni takriban kilomita 1,000. Ukishazipita Nizwa na Adam, milima inabaki nyuma na barabara inaingia kwenye jangwa tambarare la changarawe liitwalo Jiddat al-Harasis. Hakuna mto wala shamba la kuzuia macho. Kuna lami, upeo wa anga, na mara mojamoja ngamia. Mji wa Haima uko karibu katikati ya njia, na vituo vya mafuta vimeachana mno. Waswahili wetu walioko Omani wanaijua safari hii, hasa kati ya Juni na Septemba, watu wa Ghuba wanapokimbia joto kwenda kupunga upepo Dhofari, mkoa uliko mji wa Salala. Na wengi wao, wakishaiacha Adam, hufikisha gari kilomita 120 kwa saa, hubonyeza kitufe kwenye usukani, kisha huondoa mguu kwenye pedali ya mafuta.

Kitufe hicho ni cha kruzi kontroli, au kruzi kama wanavyoiita madereva. Haifanani na kidhibiti mwendo kinachofungwa kwenye matatu na mabasi, ambacho kazi yake ni kulizuia gari lisivuke kiwango fulani. Kruzi hushikilia mwendo uleule uliouchagua, usipungue wala usizidi, mpaka ukanyage breki. Ni kifaa kizuri na sitaki mtu akiogope. Lakini kimeeleweka vibaya. Watu hudhani kinampunguzia dereva kazi, kumbe kinamwondolea ile nyepesi ya mguu na kumwachia ambayo ubongo wa binadamu huifanya vibaya kuliko zote: kukodoa macho kwa saa nyingi akisubiri jambo ambalo karibu kamwe halitokei.

Aliyekibuni alikuwa kipofu. Ralph Teetor alizaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, jimbo la Indiana, Marekani. Akiwa na miaka 5 alijeruhiwa jicho kwa kisu, na haukupita muda mrefu jicho la pili nalo likapoteza nuru. Hilo halikumzuia kusomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuhitimu mwaka 1912. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alishughulika na kusawazisha rota za injini za mvuke za manowari, kazi iliyowashinda wenye macho, kwa sababu vidole vyake viliusikia mtikisiko ambao wao hawakuuona. Baadaye aliiongoza kampuni ya Perfect Circle iliyotengeneza ringi za pistoni, na mwaka 1936 alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani.

Husimuliwa kwamba wazo la kruzi lilimjia akiwa abiria wa wakili wake, Harry Lindsay. Wakili alikuwa na tabia moja: akizungumza, gari lilipunguza mwendo, akinyamaza kumsikiliza mwenzake, liliongeza. Mwenye macho asingejali sana, kwani angekuwa anatazama nje. Teetor hakuwa na pa kutazama, kwa hiyo kila badiliko la mwendo alilihisi mgongoni na tumboni, na likamkera. Alipata hataza ya kifaa chake mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kukifunga kwenye magari yake ya kifahari, yakiwemo ya Imperial.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya kero iliyozaa uvumbuzi. Mimi naona kinatufundisha jambo jingine. Mguu wa yule wakili ulikuwa ukitoa siri za kichwa chake. Umakini ulipohamia kwenye mazungumzo, mguu ulilegea, na abiria akajua. Ndivyo inavyokuwa hata leo kwa dereva anayesinzia katika gari lisilo na kruzi: mwendo unaanza kuyumba, injini inabadilisha sauti, na aliyeketi pembeni anageuka kumtazama. Ukibonyeza kitufe, shahidi huyo ananyamazishwa. Gari litakwenda kilomita 120 kwa saa likiwa na dereva aliye macho, na litakwenda kilomita 120 zilezile likiwa na dereva aliyelala.

Ndani ya kifaa, kinachofanyika ni hesabu ya kusahihisha makosa. Kanuni yake ni ya zamani kuliko magari: mwaka 1788 James Watt aliifunga kwenye injini ya mvuke, mipira miwili ya chuma inayozunguka ikipanuka kadiri injini inavyokwenda kasi na kuubana mlango wa mvuke. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika hisabati inayoeleza kwa nini mitambo ya namna hiyo wakati mwingine hutulia na wakati mwingine huchachamaa. Kruzi ya leo hutumia kompyuta. Inapima mwendo halisi, inautoa kwenye mwendo ulioagizwa, na tofauti inayopatikana ndiyo inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani. Tofauti peke yake haitoshi, kwani kwenye mlima mrefu gari lingeridhika kwenda chini kidogo ya lengo. Kwa hiyo kompyuta hujumlisha pia upungufu uliokusanyika tangu mlima uanze, na hutazama mwendo unabadilika kwa haraka gani ili isije ikapitiliza.

Hesabu hiyo ina upofu wake. Kruzi ya kawaida haiuoni mlima. Huugundua baada ya mwendo kushuka, ndipo inapoongeza mafuta kwa pupa. Dereva mzoefu huuona mlima kutoka mbali, akaanza kukanyaga taratibu kabla hajaufikia. Ndiyo maana kruzi huokoa mafuta kwenye tambarare na kuyapoteza kwenye vilima. Kwenye mteremko, mifumo mingi ya zamani haina namna ya kukanyaga breki, na gari zito huupita mwendo ulioagizwa bila kizuizi. Anayeshusha lori mlima Kitonga, pale Iringa, anajua kwamba kinachomwokoa ni gia ndogo na breki ya injini. Na kwenye maji ni hivyohivyo: mfumo huusoma mwendo kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu au ya mitambo inayoyazungusha, na tairi likielea juu ya maji mizunguko hiyo haisemi tena ukweli wa mwendo wa gari. Mvua ikianza, zima.

Lakini udhaifu wa kifaa ni mdogo ukilinganisha na wetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na tatizo. Askari waliotazama rada ndani ya ndege, wakitafuta nyambizi za Wajerumani, walikuwa wakizikosa alama zilizokuwa mbele ya macho yao. Hawakuwa wazembe. Mwanasaikolojia Norman Mackworth, aliyefanya kazi Cambridge, akatengeneza saa ya ajabu: uso mweupe usio na namba wala alama, na mshale mmoja unaoruka hatua ndogo kila sekunde, hatua 100 kwa mzunguko mzima. Mara chache, bila mpangilio unaotabirika, mshale uliruka hatua mbili kwa mkupuo. Mtu aliketi peke yake mbele ya saa hiyo kwa saa 2, na kazi yake ilikuwa kubonyeza swichi kila alipouona mruko wa hatua mbili. Basi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1948 na bado yananitisha kila ninapoyafikiria. Hazikuhitajika saa 2 ili watu wachoke. Baada ya nusu saa ya kwanza tayari walikuwa wakiikosa miruko ambayo mwanzoni waliiona bila shida, na askari waliofunzwa hawakunusurika. Mackworth aligundua pia tiba mbili. Waliobadilishana zamu kila nusu saa waliendelea kuona vizuri. Na katikati ya zamu, simu fupi ya kumtaka mtu aongeze bidii ilimrudishia umakini kwa muda.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ubongo katika hali hiyo hulegea kwa uvivu tu, kwa kukosa kazi. Utafiti wa baadaye wa Joel Warm na wenzake ulionyesha vinginevyo: kungoja kwa makini ni kazi nzito, na watu hutoka humo wamechoka na wamesongeka. Barabara iliyonyooka inamchosha dereva kweli, hata kama hajainua kidole. Ninamwamini kabisa anayeshuka garini baada ya saa 8 za jangwa akisema mwili unamuuma ilhali alikuwa amekaa. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge aliandika kuhusu viwanda na ndege akieleza kitendawili hikihiki: mtambo huchukua sehemu rahisi ya kazi, binadamu anaachwa awe mlinzi, kisha anatarajiwa kuamka ghafla na kufanya sehemu ngumu kuliko zote kwa sekunde chache.

Sekunde hizo zina umbali wake. Kwa kilomita 120 kwa saa gari hupita mita 33 kila sekunde. Usingizi wa kuibia, ule ambao kope hufumba na mtu mwenyewe akaapa kwamba hakulala, ukidumu sekunde 4 gari limeshapita mita 133. Mwili una nyakati zake za kuushusha uangalifu, usiku wa manane kuelekea alfajiri na tena alasiri baada ya chakula, hata kwa aliyelala vizuri. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za uratibu wa jicho na mkono kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 11 alfajiri, akashinda kazini, kisha akaanza safari jioni, anafika kiwango hicho saa 4 usiku bila kuonja tone.

Magari mapya yana kruzi yenye rada, inayopunguza mwendo kufuata gari la mbele. Inasaidia sana kwenye msongamano. Ila soma kitabu cha gari: mifumo mingi hutahadharisha kwamba, kwa mwendo mkubwa, huenda isikitambue kitu kilichosimama. Rada huona vitu vingi visivyosogea, mabango, nguzo na kingo za madaraja, na mfumo ulioundwa usishtuke kwa kila nguzo unaweza kulipuuza pia lori lililoharibika katikati ya barabara. Ngamia aliyeduwaa kwenye lami usiku usimwachie rada.

Kuna sehemu moja ya ile njia ya Dhofari inayonishughulisha zaidi ya jangwa. Baada ya mji wa Thumrait barabara hupanda milima, kisha hushuka kuelekea pwani ya Salala. Pepo za kusi, zilezile zilizokuwa zikivipeleka vyombo vyetu Arabuni, hugonga milima hiyo na kuifunika kwa ukungu na manyunyu. Dereva ametoka kwenye anga kavu, ametulia kwa saa nyingi mguu ukiwa sakafuni, na ghafla ana mteremko, kona, lami yenye utelezi na ukungu, vyote kwa pamoja. Ni mahali pa kuzima kruzi mapema, kabla ya kona ya kwanza, ili mguu na kichwa vizoee tena kushirikiana.

Kwenye barabara zetu nyingi kitufe hiki hakipati hata nafasi. Kati ya Dar es Salaam na Tunduma kuna vijiji vya kilomita 50 kwa saa, matuta, wanyama wa Mikumi na malori yanayopanda kwa kujikongoja. Anayewasha kruzi hapo anajitafutia balaa.

Miguu yenyewe ina hoja yake. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu, na mguu usiotikisika huiacha damu ituame. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2007, ulikuta kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili baada ya safari ya kukaa saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari. Madereva wa malori wa Ulaya wanalazimishwa na sheria kupumzika dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Mwenye gari dogo na watoto nyuma hana anayemlazimisha.

Kuhusu usingizi wenyewe, kazi niiaminiyo ni ya Jim Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliowaweka madereva wenye usingizi kwenye gari la maabara. Kufungua dirisha na kupandisha redio kulisaidia kidogo na kwa muda mfupi. Kilichofanya kazi vizuri kilikuwa kunywa kahawa kisha kulala papo hapo kwa robo saa, kwa kuwa kafeini huchukua kama nusu saa kufika inakotakiwa, na usingizi mfupi huujaza muda huo. Walijaribu pia waliokesha usiku mzima bila kulala kabisa. Kwa hao, kahawa ilisaidia kwa nusu saa hivi tu, ambayo kwa mwendo wa 120 ni kilomita 60.