Tairi la mtumba lina kashata nzuri? Cheki kwanza namba hizi 4

Kashata nene hazitoshi. Tairi la mtumba linaweza kuonekana safi kabisa na bado likapasuka ukiwa kwenye mwendo, kwa sababu mpira huzeeka hata likikaa tu stoo.

Kabla hujalipa, tafuta ubavuni herufi DOT. Namba 4 za mwisho zinaonyesha lilipotengenezwa: 3518 ni wiki ya 35, mwaka 2018. Huzioni? Geuza tairi, mara nyingi huandikwa upande mmoja tu.

Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10, na baadhi ya kampuni za magari husema 6. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, achana nalo, hata kama muuzaji amelipaka dawa likang'aa.

Na spea je? Nayo inazeeka humo humo kwenye buti.