Damu yaweza kuwa na vitamini, ubongo ukaikosa

Mtoto aweza kuwa na foleti, yaani vitamini B9, ya kutosha katika damu ilhali ubongo wake unaikosa. Vitamini hiyo haipenyi ubongoni kiholela. Huvushwa na protini maalum iliyo kwenye tishu zinazotengeneza maji ya ubongo.

Mwaka wa 2009, watafiti walibainisha kwamba hitilafu katika jeni ya protini hiyo huukatiza uvushaji huo. Mtoto hukua vyema mwanzoni, kisha baada ya miaka miwili hivi huanza kuyumbayumba na kushikwa na kifafa.

Kipimo cha damu hakifichui lolote. Sharti maji ya uti wa mgongo yapimwe. Asidi ya foliniki, ambayo hupitia njia nyingine, huweza kumwauni, hasa ikitolewa mapema. Ajabu ni kwamba tembe za kawaida za asidi ya foliki hazifai: huing'ang'ania protini iyo hiyo na huenda zikazidisha uhaba.